Katuni tano, Bibi mmoja, na mkalimani alokauka koo

Likizo hii nimeshindiliwa watoto. Dadangu na mumewe wamesafiri wakaniachia wanne, mkubwa ana miaka 13 mdogo ana 4, na mie naishi na mamangu hapa Mji wa Kale kwenye nyumba ambayo sebule yake tukiketi sote basi wa mwisho miguu iko ukumbini. Mchana jua kali hawatoki, jioni wakitoka ni mpira kichochoroni na majirani kugonga mlango, kwa hivo nikaona dawa yao ni filamu. Kila usiku baada ya isha, watu washakula, taa yazimwa, feni yawashwa, bisi kwenye lile sinia kubwa la pilau, na kachri pembeni kwa wanaotaka kuungua ulimi.

Sasa shida ni moja. Mamangu (watoto wamwita Bibi, na mie humu ntamwita hivohivo) Kiingereza chake ni cha kumuonyesha mtalii njia ya Fort Jesus, kikivuka hapo kimekwisha. Na hakubali kukaa kando. Usichana wake ulikuwa ni sinema za Majestic na Naaz na Regal, picha za Kihindi kila wikendi, na aapa kwamba Kihindi hajui hata neno moja lakini alikuwa akitoka mle macho mekundu. Kwa hivo akisikia tivi imewashwa yuaja na leso yake, aketi kwenye kile kiti chake cha kamba, na swali lake la kwanza kabla hata ya jina la filamu kuisha ni "asemaje huyo?" Na mkalimani ni nani? Ni mie. Watoto hawataki, wanasema nawapitisha patamu.

Kwa hivo hizi alama ntakazotoa si za mtu alotazama kwa raha zake. Ni za mtu alokuwa akitazama na kusema pamoja saa moja na nusu, na chai ya tangawizi mkononi ya kulainisha koo.

Tulianza na Mufasa, ile ilotoka mwisho wa 2024, manake wa miaka 10 alitaka simba. Mkurugenzi ni Barry Jenkins, ambaye filamu zake za watu wazima nazipenda sana, basi nikakaa na matumaini. Rafiki, yule nyani mzee, amhadithia Kiara, mtoto wa Simba, habari za babuye Mufasa alivyosombwa na mafuriko akiwa mdogo akapotezana na wazazi, akalelewa na familia nyengine na kupata ndugu. Sasa huyo ndugu jina lake Taka. Nikasita. Nikamwambia Bibi, huyo ni ndugu yake, aitwa Taka. "Taka?" Ndio. "Mwana wa mfalme, wamwite Taka?" Nikamwambia Bibi hawa watungaji ni wa Marekani, huchukua maneno yetu wakayapanga kama mapambo. Akanyamaza kidogo. Halafu mle ndani kuna nchi nzuri ambayo simba wote waitafuta, na nchi yenyewe yaitwa Milele. Yaani kila simba mmoja akisema "twendeni Milele" Bibi anaitikia pale kwa kiti, "Allah awape kauli thabiti", watoto wanaanguka kwa kicheko na mie mwenyewe sikuweza kuendelea, machozi ya kucheka, si yale tulokuwa tukiyatafuta.

Na hii jamani inaniuma kidogo. Simba, Rafiki, Pumbaa, majina yote ni ya kwetu, lakini ule wimbo wa kufungulia The Lion King ya 1994 ni Kizulu, na filamu yenyewe ilitiwa sauti za Kizulu. Moana imetiwa Kimaori, watoto wa New Zealand wanaitazama kwa lugha ya bibi zao. Haya, na mie hapa nimekaa na chai ya tangawizi nafanya kazi ya studio nzima bila malipo.

Turudi kwenye picha. Simba wa Mufasa wameundwa kwa kompyuta mpaka wawaona kama wa Tsavo, manyoya, vumbi, maji, kila kitu, lakini hapo ndipo inapokosea kwa maoni yangu manake simba wa kweli uso wake haulii. Taka anapoumizwa na mapenzi na wivu mpaka anaanza kugeuka kuwa Scar, yule mbaya tunayemjua, ilitakiwa roho ikuume, lakini uso ni uleule wa paka alokula akashiba. Nyimbo za Lin-Manuel Miranda si mbaya ila hakuna hata moja ilobaki nyumbani asubuhi yake, na hawa watoto wangu hata tangazo la sabuni huliimba wiki nzima. 5 kwa 10, na hizo 5 mbili ni za Milele.

Usiku wa pili mwenye miaka 13 ndiye alochagua. Inside Out 2, ya 2024 pia, ile ilouza zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani. Kama hamjaona ile ya kwanza ya 2015, ni kwamba ndani ya kichwa cha msichana aitwaye Riley kuna hisia tano zinazoendesha mitambo, Furaha, Huzuni, Hasira, Hofu na Kinyaa. Kwa hii ya pili Riley katimia 13, na kengele ya balehe inalia, na wanaingia wengine wanne wapya. Hapo ndipo mkalimani alipotoka jasho. Wa husuda rahisi. Yule bonge wa rangi ya waridi anayejificha kwenye kofia ya sweta nikataka kumwita Haya, Bibi akakataa pale pale, haya ni katika imani, haiwezi kuwa limtu limejikunyata vile, mwite Aibu. Sawa, Aibu. Halafu kuna yule anayelala kochini na simu siku nzima, jina lake la Kifaransa, hana hamu na lolote. Nikasema Kuboeka. "Kuboeka ndio nini?" Nikamnyooshea kidole mjukuu wake mkubwa alolala kifudifudi mkekani na simu. "Ahaa," akasema Bibi. Akafahamu vizuri sana.

Lakini mwenye filamu ni Wasiwasi, yule wa rangi ya chungwa nywele timutimu. Na neno wasiwasi kwetu si dogo. Wasiwasi ni ule wa mtu kutawadha mara saba haamini kama kalowa, ni wa kunong'onezwa na yule tusiyemtaja usiku, kwa hivo Bibi alimhukumu mapema, akasema huyo dawa yake ni kul audhu birabbi nnasi, asome alale. Nikaendelea kutafsiri. Riley yuko kwenye kambi ya mpira wa magongo ya barafuni, ataka wakubwa wamkubali, awaacha marafiki zake wa zamani, na Wasiwasi kashika mitambo yote hataki kumpisha mtu. Mpaka Riley atolewa nje dakika mbili kwa kosa, aketi peke yake kwenye kile kibanda cha adhabu, na pumzi zinakataa. Kule kichwani Wasiwasi azunguka kasi mpaka kawa upepo mtupu wa chungwa, na katikati ya ule upepo yeye mwenyewe kasimama kakauka, hawezi kuachia, chozi moja jichoni.

Hapo mwenye miaka 13 akaketi kitako. Akaniambia, Halati rudisha nyuma. Nikarudisha. Tukaiona tena. Akasema "hivo ndivo", basi, akalala tena kifudifudi. Alihamishwa shule mwaka huu, na kuna asubuhi mbili tatu mamake alinipigia akiniambia mtoto hawezi kuvaa viatu, yuatetemeka, nasi sote tukasema ni ukaidi. Bibi hakusema tena habari ya kusoma na kulala. Alinyoosha mguu kutoka kwa kiti akamgusa mgongoni kwa kidole gumba, na hivo ndivo walivyomaliza filamu, mguu mgongoni.

8. Ningetoa 9 lakini kuna sehemu katikati Furaha na wenzake wanazunguka zunguka humo kichwani wakitafuta njia, na wa miaka 4 alishamaliza bisi na kuanza kuvua nguo.

Usiku wa tatu Coco. Hii si mpya, ya 2017, ilichukua Oscar mbili mwaka 2018, ya katuni bora na ya wimbo, na mie nishaiona nikiwa peke yangu nikalia mpaka nikazima simu mtu asinipigie. Ni Mexico, siku yao ya kukumbuka wafu. Kijana Miguel apenda muziki na kwao muziki ni haramu kabisa, si kwa dini, ni kwa sababu babu wa zamani alishika gitaa akatoka na hakurudi, basi ukoo mzima ukageukia kushona viatu. Miguel kwa ukaidi aingia nchi ya wafu akiwa hai, daraja lenyewe la kuvukia ni la maua ya chungwa, mamilioni ya petali. Bibi alilipenda sana lile daraja, akasema ni kama mtu kamwaga vikuba vya harusi kumi. Lile la kuwatilia wafu chakula na picha alilipinga, maiti ataka dua hataki ndizi, na akawaeleza watoto vizuri kwa nini sisi tukienda makaburini twaenda na Yasini hatwendi na sinia. Wakafahamu. Tukaendelea.

Sasa kosa ni langu na nalikubali mbele ya watu. Ile mita ya stima ilikuwa ikilia tangu alasiri, tii, tii, na mie nikajiambia itafika kesho. Tukafika pale mwisho, Miguel karudi, kumekucha, gitaa mkononi, akimbilia chumba alichoketi Mama Coco, nyanya mkuu, kizee hasemi tena hamjui mtu, na kule nchi ya wafu babake Mama Coco yuafifia manake mtu wa mwisho anayemkumbuka ni yeye na ashamsahau. Miguel afungua mlango. Stima, kwisha.

Giza totoro. Feni ikazunguka zunguka ikasimama. Wa miaka 4 akaanza kulia, huku chini kichochoroni paka wakapigana, na katika ile vurugu sauti ya Bibi, tulivu kabisa: "Akamkumbuka?"

Basi nikawahadithia gizani. Simu yangu ina asilimia tatu, siwezi hata kununua tokeni mpaka nitafute ya mkubwa, nikaona niwamalizie kwanza. Nikawaambia kijana alipiga magoti mbele ya kiti. Akamwambia nyanya, babako alikupenda, usimsahau. Kimya. Akachukua lile gitaa akauanza ule wimbo, polepole, si vile alivyouimba yule mwimbaji tapeli wa filamu jukwaani kwa makelele, aliuimba vile baba humuimbia mtoto ataka kulala. Na kidole cha yule kizee kikatikisika. Kimoja. Halafu midomo. Halafu akaupokea, akaimba naye, sauti kama mlango wa zamani, familia nzima wako mlangoni hawapumui. Akafungua mtoto wa meza akatoa kipande cha picha kilochanwa, uso wa babake, alikuwa kakificha miaka yote ile.

Nikanyamaza. Nikamsikia Bibi yuavuta pumzi puani. Dadake mkubwa, Allah amrehemu, miaka yake ya mwisho alikuwa hamjui mtu yeyote, wanawe aliwaita wageni, lakini ukimuanzia kasida ya maulidi aipokea hapo hapo na kuimaliza yote bila kukosea beti. Sote nyumbani twalijua hilo, na hakuna alolitaja. Tukakaa vile gizani labda dakika tano, jasho latutiririka.

Tokeni ikaingia, taa ikawaka, watoto wakapiga kelele turudi tuone wenyewe. Bibi akainuka akasema yeye aenda kulala. Nikamwambia Bibi ngoja uone, ndio hapo patamu. "Nshaiona," akasema.

9, na ile moja naikata mie mwenyewe kwa ajili ya mita.

The Wild Robot ndio tuloisubiri sana, kwa sababu ya Lupita. Ni ya DreamWorks, 2024, mkurugenzi Chris Sanders ambaye ni mmoja wa walotengeneza Lilo & Stitch, na hadithi yatoka kwenye kitabu cha Peter Brown. Roboti aitwaye Roz atupwa na dhoruba kwenye kisiwa hakina watu, wanyama watupu, wamuogopa wote, na kwa bahati mbaya aangukia kiota cha bata bukini, mayai yote yapondeka na mama afa, labaki yai moja. Na huyo kifaranga akitoka kwenye ganda cha kwanza kukiona ni roboti, basi huyo ndio mama. Sauti ya Roz ni Lupita Nyong'o. Nikamwambia Bibi kwa majivuno, huyo asemaye ni msichana wa Kenya, babake ndiye Profesa Nyong'o yule wa Kisumu, amezaliwa hukohuko Mexico kwenye filamu ya jana, ana Oscar yake ya 2014. Bibi akasikiliza sauti kidogo. "Basi mbona hasemi Kiswahili?"

Sikuwa na jibu.

Kuna mahali mwanzoni Roz aketi chini msituni, afunga mambo yake yote, asikiliza tu. Mchana waja, usiku waja, mvua, yeye kaketi, na zile kelele za wanyama, milio na mikoromo, polepole zaanza kuwa maneno mpaka afahamu kila mtu asemalo. Mie kama mkalimani niliketi nikaitazama ile sehemu kwa heshima kubwa. Bibi naye akasema huyo chuma ana adabu, kuna wageni Nyali wana miaka thalathini na hujambo hawaijui.

Lupita hapa kafanya kazi. Mwanzo sauti yake ni ile ya simu za kampuni, changamfu na tupu, tafadhali nikusaidie nini, na kadri kifaranga anavyokua ndivyo sauti inavyoshuka na kuchoka na kupata joto, hujui ni wapi hasa imegeuka. Ana mbweha rafiki yake, mwongo mwongo, sauti ya Pedro Pascal, watoto walimpenda huyo kuliko wote. Na picha yenyewe imechorwa kama mtu katumia brashi, majani yana mapigo ya rangi, si ule umeremeshaji wa plastiki wa katuni nyingi. Hapana wasiwasi kwa wadogo, ila kuna mzaha mwingi wa kifo, yule mama mwenye kijipanya chungu nzima mgongoni (kwa Kiingereza opossum, sijui tuwaiteje kwetu, nikasema panya wa porini Bibi akatema mate) watoto wake wanajifunza kufa kwa uongo na wote wanaigiza vibaya.

Kazi ya Roz ni tatu, mtoto ale, aogelee, na aruke kabla ya majira ya baridi, manake bata wote watahama na asoweza kuruka atakufa. Na mtoto kashajua kwamba roboti ndiye aloua mamake, kwa hivo wamenuniana. Siku yenyewe ya kuhama, bata wote wamepanga mstari, na mama na mwana wasimama pale hakuna anayeweza kusema lile la kusemwa. Aenda. Roz akimbia kando ya mwamba, akimbia akimbia mpaka ardhi yaisha, na kundi lote lapita juu yake, mpaka yale mabawa yapotea.

Hapo mie sikutafsiri. Hakukuwa na cha kutafsiri. Kakangu yuko Doha mwaka wa sita sasa, na mara ya mwisho kumsindikiza uwanja wa ndege wa Moi walikuwa wamegombana na Bibi asubuhi yake juu ya jambo la kipuuzi la sanduku, wakaagana kwa mkono. Pembe ya leso ilipanda usoni na ikakaa huko muda mrefu. Leso yenyewe, haki ya Mungu sikuipanga, ni ile ya Nani Kama Mama.

Ubaya wake ni theluthi ya mwisho. Wanakuja maroboti wa kampuni kumrudisha kwa nguvu, moto, milipuko, kufukuzana, ni kama mtu aliogopa watoto watalala akaongeza pilipili kwenye uji. Ingeishia pale kwenye baridi kali, Roz kawakusanya wanyama wote ndani ya nyumba moja na kuwaapisha wasilane mpaka jua litoke, ningeipa 10. Sasa 9.

Na sasa ndio ninayotaka kuwaambia hasa.

Mwenye miaka 13 asubuhi yake akagundua kwenye simu kwamba Roz alishindania Oscar ya katuni bora Machi 2025 akashindwa, tena na Inside Out 2 ilikuwemo, zote zikashindwa na filamu moja ya paka kutoka Latvia. Latvia! Akakasirika kama ni yeye alonyang'anywa. Filamu yenyewe yaitwa Flow, ya Gints Zilbalodis, ilitengenezwa kwa kiasi cha euro milioni 3.5, na Wild Robot ilikula dola milioni 78. Tena programu walotumia ni Blender, ya bure, mtu yeyote aweza kuiweka. Wa miaka 10 aliposikia bure akauliza kama yaingia kwenye laptopu yangu. Kwa hivo tuliwasha Flow kwa nia mbaya kabisa, tumekuja kuichukia.

Nikaweka chai yangu. Nikasafisha koo. Paka mweusi msituni, ajitazama majini. Mbwa wamfukuza. Maji yaja, mafuriko makubwa, yapanda. Nangoja neno la kwanza nitafsiri. Dakika tano. Dakika kumi. Bibi akageuka akaniangalia.

"Mbona husemi?"

"Hawasemi, Bibi."

"Hata mmoja?"

Nikatazama kwenye simu. Hata mmoja, filamu nzima, paka alia kama paka na mbwa abweka kama mbwa.

"Aa," akasema Bibi. "Basi nyamaa."

Dakika 85. Mara ya kwanza wiki nzima nimekula bisi. Maji yapanda mpaka yafunika nyumba, yafunika miti, paka adandia jahazi dogo lililotelekezwa na humo ndani wakusanyika abiria ambao hawangekaa pamoja nchi kavu hata kwa dawa. Kuna yule mnyama mkubwa mpole wa Amerika ya Kusini, kapibara, kama panya lakini ukubwa wa mbuzi, mtulivu mpaka basi, Bibi akamwita Mzee Pole. Nilisoma baadaye kwamba sauti yake walitumia ya mtoto wa ngamia, na kweli ukiisikiliza vizuri ni wale wa ufukweni pale wakikataa kupiga magoti. Kuna komba wa Bukini, yaani Madagaska, mwenye mkia wa mistari, mroho wa vitu, kajaza kikapu vioo na vikorokoro na hataki mtu aguse, kila mtoto hapa alimtaja jirani yake. Kuna mbwa asokuwa na akili lakini roho nzuri. Na kuna ndege karani, wa mbugani kwetu huyu, mrefu na mabega yake, ambaye alimtetea paka mbele ya kundi lake mwenyewe na kundi likamgeukia likamvunja bawa na kumwacha. Yeye ndiye ashikaye msukani.

Na hapo Bibi alianza kusema. Babake alikuwa baharia, majahazi ya kwenda Lamu mpaka Ghuba, na kumbe miaka yote hii kuna mambo yako humo kichwani hatujawahi kuyasikia. "Mtazameni ndege, yuko tezi, hapo ndipo pake. Mbwa yuko omo afanya nini, hajui kitu. Tanga limejaa upepo sana hilo, walegeze, ehe." Watoto waacha kutazama paka wamtazama yeye. Omo ndio wapi Bibi? Mbele. Tezi? Nyuma. Kwa nini walegeze? Akaeleza. Filamu inaendelea, yeye aeleza, hakuna alosema anapitishwa patamu.

Picha si kamilifu, nisiwadanganye. Ukisogea karibu manyoya ni kama rangi ilomwagwa, mbwa mara nyengine yuaonekana katoka kwenye gemu ya simu. Na kuna pahali ndege na paka wapanda mlima mrefu, mwanga waja kutoka juu, ndege ainuliwa aenda zake haonekani tena, na hakuna ufafanuzi. Wa miaka 10 akasema kafa. Mkubwa akasema kaenda kwao. Mpaka leo wanagombana mezani na mie sijui na sitaki kujua.

Lakini mwisho, jamani. Maji yaanza kupungua, kila mtu afurahi, ardhi hiyo, miti hiyo, wamenusurika. Paka akimbia msituni na huko amkuta nyangumi, yule alomuokoa asizame kule nyuma, kalala juu ya ardhi kati ya miti, kakwama. "Maji yamepwa naye yuko mwambani," akasema Bibi, polepole, na hapo wote wanne walilia, wa miaka 4 kwa sauti, mkubwa kwa kujifanya ana mafua. Paka akaenda kumbembeleza kwa kujisuguasugua. Basi. Hakuna hotuba, hakuna wimbo wa kukuambia lia sasa. Msizime majina yakianza, kaeni mpaka mwisho kabisa, kuna kitu kidogo baharini cha kuwanyamazisha watoto.

Hii siitii namba. Ilichukua haki yake, hata mwenye miaka 13 alikubali, kwa shingo upande.

Jana usiku niliwaambia leo hakuna filamu, nina nguo za kufua. Nikiwa nyuma na beseni nikasikia tivi imewashwa, Flow tena, na sauti ya Bibi juu yake, yuamtafsiria wa miaka 4. "Paka yuwasema, wee mbwa, nshakwambia usinifuate. Mbwa yuwasema, mie nina njaa bwana. Mzee Pole yuwasema, ndooni mlale, jahazi hili si la babenu." Nikaacha mfereji wazi nikisikiliza mpaka beseni likafurika.

Shule zafunguliwa Jumatatu. WALL-E ya 2008 nusu yake ya kwanza karibu haina maneno hiyo naijua, na Shaun the Sheep ya 2015 nayo ni kondoo watupu hawasemi, hiyo ni ya kucheka. Mwenye nyengine anambie kabla ya Jumamosi, na iwe na chombo cha baharini ndani yake ikiwezekana.